Uzi: Cicely Tyson, mwigizaji aliyeingia kwenye televisheni na nywele zake kama zilivyoota

Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni msusi, nipo Morogoro, huu ni mwaka wa 14 nashika vichwa vya watu. Uzi huu nimeuwaza muda mrefu. Utakuwa mrefu, nitaushusha kwa vipande kati ya mteja na mteja, naomba mnivumilie.

Saluni kwangu kuna televisheni juu ya kioo. Mteja mmoja aliniletea flashi yenye tamthilia ya How to Get Away with Murder, ile ya wakili Annalise Keating anayeigizwa na Viola Davis. Tukafika karibu na mwisho wa msimu wa kwanza. Wakili yule anayetetemesha mahakama amelala kitandani, hawezi kunyanyuka. Mama yake mzazi anakuja kutoka Memphis kumwangalia, bibi mwembamba, mfupi, mwenye ulimi. Wanagombana. Wanatupiana maneno ambayo yamekaa kifuani miaka mingi. Halafu bibi anakaa, binti anakaa chini katikati ya magoti yake, na bibi anaanza kumchana nywele.

Nilikuwa nasuka twende kilioni. Mikono ikasimama yenyewe. Sisi wengi tumekaa pale: chini kwenye mkeka, kichwa kimebanwa na magoti ya mama au shangazi, ukisogea unapigwa na kitana. Na mambo mazito ya nyumbani mara nyingi husemwa pale, kwa sababu mnashikana lakini hamtazamani usoni. Aliyeandika kipande kile anajua, na bibi aliyekicheza anajua zaidi.

Nikamuuliza mteja, huyu bibi ni nani? Hakumjua. Usiku nikaanza kumtafuta, na sijaacha mpaka leo. Anaitwa Cicely Tyson. Kipande kile kilipoonyeshwa, Februari 2015, alikuwa na miaka 90.

Narudi baada ya mteja huyu.

Mdau, Arusha

Nimeshakaa mbele kabisa. Shusha dada.

Mleta uzi

Naendelea.

Alizaliwa New York tarehe 19 Desemba 1924, akakulia Harlem, mtaa wa watu weusi wengi humo humo jijini. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi. Baba alikuwa seremala na fundi rangi. Mama alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Hilo la mama mlishike, nitalirudia. Nyumba yao ilikuwa ya kanisa hasa, binti anaimba, anapiga kinanda, na sinema kwa mama yake ilikuwa mlango wa dhambi.

Akaolewa na kuzaa akiwa binti mdogo, ndoa haikwenda mbali. Akawa anapiga taipu kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu. Siku moja akasimama pale ofisini akawaambia wenzake kwamba ana hakika Mungu hakumleta duniani agonge mashine ya taipu maisha yake yote. Hebu fikirieni: mwanamke mweusi, New York ya baada ya vita, ana mtoto wa kulea, ana mshahara wa kila mwezi, anaamka anauacha. Akaingia kwenye uanamitindo, na katika miaka ya 1950 akaanza kuigiza. Mama yake aliposikia habari za kuigiza, akamwambia atoke nyumbani kwake. Akatoka. Walikaa bila kusemezana muda mrefu, mpaka mama alipokwenda mwenyewe kumwona jukwaani.

Mwaka 1961 akawa kwenye The Blacks, mchezo wa Jean Genet uliochezwa New York miaka kadhaa mfululizo. Angalieni aliokuwa nao jukwaa moja: James Earl Jones, Maya Angelou, Louis Gossett Jr., Roscoe Lee Browne. Wote hao bado hawajulikani, wanagawana vyumba vya kubadilishia nguo.

Sasa nafika kwenye nywele, na hapa nitakaa kidogo.

Alipewa uhusika wa mke wa Kiafrika kwenye igizo la televisheni. Mazoezi yote alifanya na nywele zilizonyooshwa, kama wanawake karibu wote weusi wa Marekani wakati ule. Usiku wa kuamkia siku ya igizo akajiuliza: mwanamke huyu ninayemcheza, kwao, angekuwa na kichwa hiki? Akaenda kwa kinyozi hapo Harlem, akamwambia akate fupi kabisa, kisha azioshe zirudi zilivyoumbwa. Kesho yake akaingia studio hivyo.

Mwaka 1963 akachukuliwa kwenye tamthilia ya kituo cha televisheni cha CBS, East Side/West Side, nyota wake akiwa George C. Scott. Tyson alicheza Jane Foster, katibu wa ofisi ya ustawi wa jamii. Anatajwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa na uhusika wa kudumu kwenye tamthilia ya televisheni ya Marekani isiyo ya kuchekesha. Na kila wiki alionekana na nywele zile zile, fupi, za kipilipili, bila kitana cha moto wala dawa. Tamthilia ilidumu msimu mmoja tu. Lakini wanawake walikuwa wameshaona.

Tyson mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba wasusi walimwandikia barua: mama, tunakuheshimu, lakini unatuharibia biashara, wateja wetu wanakuja kukata nywele kama zako.

Nilipokutana na habari hiyo niliweka simu chini. Mimi ningekuwa mmoja wa wale walioandika. Kodi ya fremu hailipwi na nywele ambazo hazihitaji dawa. Miaka sita hivi iliyopita alikuja kwangu dada mmoja mwenye nywele zake nzuri nzito, hajawahi kuzitia kitu tangu utotoni. Alikuwa mapokezi kwenye ofisi fulani, mkubwa wake amemwambia aje na nywele za heshima. Alikaa kwenye kiti machozi yanamtoka. Nilimpaka dawa. Nilihitaji ile hela, na yeye alihitaji ile kazi. Vichwa nimeshika maelfu, lakini kile bado nakiona.

Mdau, Tanga

Mama, umenigusa. Ila nikuulize. Mimi ni mtu mzima kidogo. Miaka ya 1990 mwanzoni jirani yetu alikuwa na deki, tukijazana sebuleni kwake watoto na wazee kuangalia Kunta Kinte kwenye kanda. Yule mama mzazi wa Kunta, anayejifungua mwanzo kabisa, ndiye huyu?

Mleta uzi

Ndiye huyo baba, Binta, mama yake Kunta. Roots, ndiyo hiyo tamthilia ya Kunta, ilirushwa na kituo cha ABC Januari 1977, usiku 8 mfululizo, na LeVar Burton aliyecheza Kunta alikuwa kijana wa miaka 19. Kile kijiji cha Gambia walikijenga Savannah, Georgia. Na yule bibi mwingine, Nyo Boto, ni Maya Angelou, mwenzake wa tangu The Blacks.

Tyson anaonekana sehemu za mwanzo tu, halafu hadithi inavuka bahari na mtoto, yeye anabaki. Ndiyo maana watu wamemsahau jina lakini hawajasahau ile sura.

Mdau, Dar es Salaam

Dada mleta uzi, nakuheshimu na uzi wako ni mzuri. Lakini mimi naigiza, tamthilia nne mpaka sasa, na zote nne nimekuwa dada wa kazi. Naingia na trei, natoka na trei. Huyu mama anasifiwa kila mahali kwamba alikataa uhusika wa kudhalilisha. Nikiangalia orodha ya kazi zake naona mke wa mkulima masikini, mtumwa, mtumwa tena, yaya. Sasa alikataa nini?

Mleta uzi

Swali lako mdogo wangu ndilo lililonikalisha macho usiku mwingi kuliko mengine yote. Nitakujibu kwa Sounder.

Ni filamu ya 1972, mwongozaji Martin Ritt. Louisiana, mwaka 1933, familia ya wakulima weusi wanaolima shamba la mwingine na kugawana naye mavuno. Njaa imeingia. Baba, Nathan, anaiba nyama ili watoto wale, anakamatwa, anapelekwa kambi ya kazi ngumu. Mama, Rebecca, anabaki na watoto, na shamba, na deni. Watayarishaji walimtaka Tyson acheze mwalimu. Mwalimu ana nguo safi, ana vitabu, anaongea vizuri. Yeye akamtaka Rebecca. Wakamwambia wewe ni mdogo mno na mzuri mno kwa huyu. Hakurudi nyuma mpaka wakampa.

Kwa hiyo umeona? Aliacha uhusika wa heshima akachukua wa mwanamke mwenye nguo moja. Alichokuwa anakikimbia ni watu wasio na ndani. Yule msichana wa genge, yule malaya wa kupita, yule yaya wa kuchekesha, ambaye mwandishi hajajiuliza hata mara moja amelala wapi jana na nani anamsubiri nyumbani. Miaka ile ya 1970 mwanzoni filamu za majambazi na makahaba weusi zilikuwa zinatengenezwa kwa wingi na zinaleta hela. Akazikataa. Kati ya filamu yake ya 1968, The Heart Is a Lonely Hunter, na Sounder, hesabu mwenyewe miaka. Alisema mwili ndio ulimwamulia: akisoma skripti, ama ngozi inamsisimka, ama tumbo linavurugika.

Na kumbuka niliwaambia mlishike lile la mama yake. Mama aliyekuwa anafua na kusugua sakafu za watu. Mtoto wa mfanyakazi wa ndani anajua kwamba yule mwanamke mwenye trei akitoka jikoni anakwenda mahali, ana watoto, ana magoti yanayouma. Mwaka 2011 alicheza Constantine kwenye The Help, yaya mzee aliyemlea mtoto wa watu kisha akafukuzwa. Yuko kwenye kioo dakika chache sana. Angalia namna anavyosimama mlangoni siku ya kufukuzwa, halafu uniambie kama yule ni mtu wa kuingia na trei.

Turudi Sounder. Kuna kipande ambacho hata kama hujui Kiingereza utakielewa. Nathan anarudi. Anaonekana mbali barabarani, mguu umeumia, anachechemea. Mbwa ndiye anaanza kumtambua. Rebecca anatoka, anakaza macho, halafu anakimbia. Anakimbia mikono imefunguka, anaita jina, barabara ndefu ile ya vumbi. Nimewaonyesha wateja wengi, na yupo mmoja ambaye mume wake alikaa ndani miaka miwili. Hakuongea kitu. Aliomba tu nirudishe nyuma aone tena.

Kwa Rebecca aliteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na Paul Winfield aliyemcheza Nathan akateuliwa ya wanaume. Liza Minnelli ndiye aliyeichukua mwaka ule.

Lakini kilichombadilisha ni safari ya kuinadi ile filamu. Mwandishi wa habari mmoja mzungu alimwambia kwamba kilichomsumbua ni kusikia yule mtoto kwenye filamu akimwita baba yake kwa neno lile lile ambalo mwanawe mwenyewe humwita yeye. Mtu mzima, msomi, hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtoto mweusi naye anamwita baba yake hivyo kwa mapenzi. Tyson alisema ndipo alipojua hana anasa ya kuigiza tu kwa ajili ya kuigiza.

Mdau, Dar es Salaam

Asante dada. Nimeisoma mara tatu. Wiki ijayo nina skripti nyingine ya trei. Nitamuuliza mwandishi huyu dada anatoka wapi.

Mleta uzi

Muulize. Na akikosa jibu, mtungie wewe, hata kama ni wewe peke yako utakayelijua.

Sasa The Autobiography of Miss Jane Pittman, CBS, Januari 1974. Imetoka kwenye riwaya ya Ernest J. Gaines. Ni mwanamke aliyezaliwa utumwani ambaye anaishi mpaka miaka 110, mpaka harakati za haki za miaka ya 1960. Tyson anamcheza tangu ujanani mpaka huo uzee. Kumfanya ajuza, mafundi wa urembo Stan Winston na Rick Baker walikuwa wanamkalisha kitini saa nyingi kila siku. Mimi mtu wa kitini najua maana yake, mteja wa saa tano tu ananung'unika mpaka kope. Na kabla ya hapo alikwenda kwenye nyumba za kutunzia wazee akakaa nao, akawatazama wanavyonyanyuka na wanavyoshika kikombe.

Mwisho wake, Jane mwenye miaka 110 anashuka kwenye gari mbele ya mahakama na fimbo yake. Pale pana bomba la maji ya kunywa la wazungu tu. Polisi wamesimama. Anatembea. Ni mwendo mrefu mno, na wamekuachia uone wote, hatua kwa hatua, hakuna anayemshika mkono. Anafika, anainama, anakunywa.

Kazi ile ilizoa tuzo 9 za Emmy, zile kubwa za televisheni Marekani, yeye akichukua 2. Na kuna mtoto mmoja aliyeiona kwenye televisheni, anakaa Central Falls, Rhode Island, kwenye nyumba mbovu na njaa ya kweli. Anasema alipomwona mwanamke anayefanana na mama yake anafanya vile, ndipo alipojua anataka kuwa nini. Mtoto yule ni Viola Davis.

Sasa rudini kwenye kile kipande nilichoanza nacho. Aliyekaa chini katikati ya magoti anachanwa nywele ni yule mtoto.

Mdau, Arusha

Hapo nimenyamaza kabisa.

Mdau, Nairobi

Mimi nina swali dogo. Kuna mahali nimesoma alizaliwa 1933, wewe unasema 1924. Gani ndiyo sawa? Na pia, si alikuwa bibi ya Miles Davis yule wa tarumbeta?

Mleta uzi

Ni 1924. Alipoanza kazi alishauriwa apunguze umri, akapunguza karibu miaka kumi, na uso wake ukamtunzia siri miongo mingi. Mimi simlaumu. Aliingia kwenye uigizaji akiwa na miaka 30 hivi na mtoto mkononi, kwenye kazi ambayo mpaka leo mwanamke wa 30 anaambiwa amechelewa.

Ndiyo, Miles Davis. Walipendana miaka ya 1960, ule uso unaoonekana kwa ubavu kwenye jalada la albamu ya Miles ya Sorcerer ya 1967 ni wake. Wakaachana, wakarudiana, wakafunga ndoa Novemba 1981, ikavunjika mwishoni mwa miaka ile ya 1980. Alimuuguza, akamsaidia kutoka kwenye dawa za kulevya, na kuna maumivu mengi humo. Ameyaandika mwenyewe kwenye kitabu chake kwa upole kuliko ambavyo mimi ningeweza. Sitakaa hapo. Nimechoka na simulizi za wanawake wakubwa zinazogeuka kuwa simulizi za waume zao.

La umri lina tamu yake. Mwaka 2013 alirudi Broadway, zile kumbi kubwa za michezo ya jukwaani New York, baada ya miaka 30, kwenye The Trip to Bountiful ya Horton Foote. Anamcheza Carrie Watts, bibi anayeishi kwa mwanawe mjini na anataka kitu kimoja tu, kwenda kukiona kijiji chake kabla hajafa. Akashinda Tony, tuzo kubwa ya michezo ya Broadway. Watu walidhani wanampa mwanamke wa miaka 79. Alikuwa na 88.

Kuna sehemu kwenye mchezo ule bibi anaimba wimbo wa kanisani, ule ambao sisi kwenye Tenzi za Rohoni tunaujua kama Ndiyo Dhamana. Magazeti ya New York yaliandika kwamba watazamaji walikuwa wanaimba naye, usiku baada ya usiku, humo humo ukumbini, bila kuambiwa na mtu. Watu wamelipa tiketi ya Broadway wanaimba kama wako ibadani. Binti aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya kuigiza, ameligeuza jukwaa likaimba wimbo wa mama yake.

Mdau, Tanga

Huo wimbo mama yangu aliuimba akipepeta mchele. Mungu akubariki.

Mleta uzi

Amina baba.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Medali ya Uhuru ya Rais kutoka kwa Obama, 2016. Oscar ya heshima Novemba 2018, akiwa na miaka 93, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa hiyo ya heshima. Alikuwa miongoni mwa waliosimama na Arthur Mitchell kulianzisha kundi la dansi la Dance Theatre of Harlem baada ya Martin Luther King kuuawa. East Orange, New Jersey, kuna shule ya sanaa ya watoto yenye jina lake, na hakuiachia jina tu, alikuwa anakwenda kuwaona watoto.

Kitabu cha maisha yake, Just As I Am, kilitoka tarehe 26 Januari 2021. Utangulizi ameandika Viola Davis. Tarehe 28, siku mbili baadaye, akafariki. Ana miaka 96. Alisubiri kimalizike. Februari mwili wake ukawekwa Abyssinian Baptist, kanisa lake pale Harlem, watu wakapanga foleni kwenye baridi, katikati ya korona, kumuaga.

Mdau, Arusha

Dada, kwa sisi tusiomjua kabisa, tuanze na ipi?

Mleta uzi

Anza na Sounder, inaangalika na watoto. Kisha Jane Pittman, hiyo kaa peke yako. Roots wengi mmeiona, rudieni mwanzo mumtazame Binta vizuri safari hii. Ukimaliza hizo ndipo uende kwenye kile kipande cha nywele, ukikianza bila kuziona utaona bibi na binti tu.

Mtu ameingia, kichwa kizima cha rasta, na anataka amalize leo. Nitarudi usiku, nina neno bado kuhusu A Woman Called Moses, alipomcheza Harriet Tubman, yule mama aliyetoroka utumwa akarudi kuwatorosha wengine, mwaka 1978. Mdogo wangu wa Dar, usisahau kutuletea alichokujibu yule mwandishi.